Hesabu ya Sadaka: Mwongozo kwa Viongozi wa Kanisa, Huduma na Watoaji

Ugomvi wa fedha kanisani mara nyingi huanza kabla senti moja haijaibwa. Mama aliyechangia bati za paa anapita miezi sita baadaye, anakuta kuta ziko vilevile, na hakuna anayemwambia bati zimeishia wapi. Kijana aliyeko Dubai anatuma kwa simu fedha ya ada za yatima, anajibiwa "Ubarikiwe sana mtumishi", basi. Huenda bati zimo stoo na ada zilikwisha kulipwa. Lakini kwa kuwa hakuna aliyesema, maneno yanaanza, na maneno yakishaanza hata mhazini mwaminifu anakosa cha kuonyesha.

Mwongozo huu ni wa mchungaji, mzee wa kanisa, mhazini, mjumbe wa kamati ya fedha, na kiongozi wa huduma ndogo inayolea yatima au kuendesha shule. Sehemu ya 9 ni ya mtoaji. Hatua zote zinatoka kwenye kanuni moja: fedha ya sadaka isishikwe na mtu mmoja peke yake, na kila inapotoka mkono huu kwenda mkono ule, iandikwe.

1. Ondoeni kwanza hofu ya kuuliza

Katika makanisa mengi anayeuliza habari za fedha huambiwa ana roho ya uasi, au anamgusa mtumishi wa Mungu. Fundisheni tofauti, tena madhabahuni, maana bila fundisho hilo fomu na daftari havitadumu.

Someni pamoja Ezra sura ya 8. Ezra alikuwa akipeleka Yerusalemu fedha na dhahabu iliyotolewa kwa ajili ya nyumba ya Mungu, fedha peke yake ikiwa talanta 650. Aliwapimia makuhani mzigo huo kwa uzito kabla ya safari. Walipofika, ukapimwa tena hekaluni, na uzito wote ukaandikwa. Waliokabidhiwa walikuwa makuhani, watu aliowaita watakatifu kwa Bwana, na bado mizani ilitumika mara mbili.

Kuna andiko ambalo hutumiwa kukwepa hesabu. 2 Wafalme sura ya 12 inaeleza kwamba waliopewa fedha za kuwalipa mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Isomeni sura nzima. Hadi mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi, makuhani walikuwa wakipokea fedha na hekalu halikutengenezwa. Ndipo likawekwa sanduku lenye tundu kwenye kifuniko, na kila lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wote wawili kuhesabu. Uaminifu wa wasimamizi ulisimama juu ya utaratibu uliokwisha kuwekwa. Paulo naye, katika 2 Wakorintho sura ya 8, alipopeleka mchango wa watakatifu wa Yerusalemu hakwenda nao peke yake. Alisafiri na watu waliojulikana na makanisa, asije akalaumiwa.

Utaratibu humlinda kwanza mtu mwaminifu. Mwizi hupata pa kujificha penye giza, na mwaminifu akisingiziwa penye giza hilohilo hana ushahidi wa kumtetea.

2. Jina la akaunti liwe jina la taasisi

Kabla ya kupokea mchango wowote, hakikisheni huduma ina uhai wa kisheria. Tanzania, makanisa husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na bodi ya wadhamini husajiliwa kwa wakala wa serikali wa udhamini, RITA, ili mali iandikwe kwa jina la wadhamini. Kenya, makanisa mengi yamesajiliwa kwa Msajili wa Vyama chini ya Sheria ya Vyama, Sura 108. Kama ninyi ni usharika, parokia au tawi, ulizeni ngazi ya juu mnaruhusiwa kufungua akaunti kwa jina gani.

Kisha fuateni haya:

- Akaunti ya benki iwe kwa jina la kanisa au huduma, yenye watia saini watatu, na malipo yatoke kwa saini mbili. Mume na mke wasiwe wote wawili watia saini. Hali kadhalika mzazi na mwanawe.
- Lipa Namba au Paybill isajiliwe kwa jina la taasisi. Mtoaji anapotuma, jina analoliona kabla ya kuthibitisha muamala liwe lile analolisikia likitangazwa.
- Msikusanye michango ya kudumu kwenye laini ya mtu binafsi, hata kama ni ya mchungaji mwanzilishi. Akifariki, fedha iliyomo itahesabiwa kuwa mali ya marehemu, na kanisa litajikuta likifuata mirathi.
- Kiwanja, gari na vyombo vya muziki viandikwe kwa jina la wadhamini. Wekeni daftari la mali lenye tarehe ya kununua, bei, na mahali kitu kilipo.

Huduma ndogo huanza na mtu mmoja mwenye maono, na si vibaya. Ila isibaki hivyo. Kipimo kizuri ni kile cha ECFA, baraza lililoundwa Marekani mwaka 1979 kusimamia uwajibikaji wa fedha wa mashirika ya kiinjili. Kila mwanachama wake anatakiwa kuwa na bodi isiyopungua watu watano, na walio wengi kati yao wasiwe waajiriwa wala jamaa wa kiongozi. Ukiwa na bodi ya mke wako, kaka yako na dereva wako, hakuna atakayekuambia hapana siku unapohitaji kuambiwa.

3. Meza ya kuhesabia

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na hapa ndipo ni rahisi kuliko kote kuziba. Fuateni mpangilio huu kila Jumapili bila kuruka.

Vikapu vikitoka madhabahuni vibebwe na watu wawili hadi chumba kimoja kinachojulikana. Wawepo wahesabuji watatu wasio ndugu, kwa zamu inayobadilika kila wiki, na angalau mmoja asiwe kiongozi. Mhazini anaweza kuwepo, lakini asihesabu: yeye ni wa kupokea kilichohesabiwa. Mchungaji asiwepo kabisa.

Tengeni sadaka kwa aina kabla ya kuhesabu: ya kawaida, fungu la kumi, shukrani, ujenzi. Bahasha zifunguliwe hapohapo. Kiasi kilichoandikwa juu kilinganishwe na kilichomo ndani, na kama havilingani, wahesabuji wote waandike pembeni na kuweka saini. Majina ya watoa fungu la kumi yaishie katika chumba hicho na kwenye daftari la mhazini.

Halafu jazeni fomu kwa noti: za 10,000 ngapi, za 5,000 ngapi, za 2,000, za 1,000, na sarafu. Mmoja akihesabu, wa pili ahesabu upya bila kuambiwa jibu la kwanza, na wa tatu aandike. Fomu iandikwe kwa kalamu ya wino, nakala mbili, saini tatu. Nakala moja ni ya mhazini, nyingine ni ya katibu. Ikikosewa namba, ikatwe mstari mmoja, iandikwe sahihi pembeni, na wote watatu watie saini fupi. Msitumie rangi nyeupe ya kufutia.

Fedha yote iende benki au kwa wakala wa benki kama ilivyohesabiwa. Msitoe humo nauli ya kwaya wala hela ya dizeli ya jenereta. Malipo hayo yana njia yake, na nitaieleza hapa chini. Hati ya benki ibanwe kwenye fomu. Ukiweka fomu, hati ya benki na daftari la fedha mezani, namba iwe moja kote kutatu.

Kwa michango ya simu, chapeni taarifa ya miamala kila mwezi, na aikague mtu asiyeshika simu hiyo.

4. Fedha ya kusudi fulani ifanye kusudi hilo

Mtu akitoa kwa ajili ya kisima, ametoa kwa ajili ya kisima. Hata mshahara wa mwinjilisti ukichelewa, fedha ya kisima haijageuka kuwa ya mshahara. Hili ndilo jambo linalovunja imani ya wafadhili kuliko mengine, na mara nyingi hufanywa na watu wenye nia njema waliosema "tutarudisha".

Jim Bakker, mhubiri wa televisheni wa Marekani, aliuza katika miaka ya 1980 ushirika wa kudumu kwa dola 1,000 au zaidi, na kila mshirika aliahidiwa kulala siku tatu kila mwaka kwenye hoteli ya kituo chake cha Heritage USA, South Carolina. Ushirika uliouzwa ulizidi mbali vyumba vilivyokuwapo. Sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye gharama za kuendesha huduma na kwa Bakker mwenyewe. Mwaka 1989 mahakama ilimtia hatiani kwa makosa 24. Ahadi ilikuwa ya chumba, na fedha ikafanya mengine.

Kwa hiyo:

- Kila kusudi liwe na ukurasa wake kwenye daftari. Si lazima liwe na akaunti yake ya benki, ila jumla ya kurasa zote ilingane na salio la benki.
- Mkilazimika kuazima kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, kamati iamue kwa muhtasari ulioandikwa, itaje siku ya kurudisha, na ripoti ya mwezi ionyeshe deni hilo hadi liishe. Fedha ya mfadhili mwenye mkataba isiazimwe bila ruhusa yake ya maandishi.
- Kabla ya harambee, tangazeni lengo na semeni mapema kiasi kikizidi kitafanya nini. Mkisubiri mpaka kizidi, kila mtu atakuwa na wazo lake.
- Ahadi si mapato. Andikeni ahadi kwenye orodha yake, na muingize kwenye hesabu kile tu kilichopokelewa.

5. Matumizi: anayeomba, anayeidhinisha, anayelipa

Wawe watu watatu. Anayehitaji kitu anajaza hati ya malipo akitaja fungu la bajeti. Mwenyekiti wa kamati au aliyekabidhiwa anaidhinisha. Mhazini analipa. Huduma yenye watu wachache sana iwe na wawili, na imwombe mhazini wa kanisa jirani apitie hati zote kila baada ya miezi mitatu.

Kwa manunuzi makubwa, kusanyeni ankara kifani tatu kutoka maduka tofauti na muandike kwa nini mmechagua moja. Fundi au muuzaji akiwa jamaa wa kiongozi, kiongozi huyo aseme wazi, atoke kikaoni, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Dukani daini risiti ya mashine ya kodi ya EFD kwa Tanzania, au ya mfumo wa kodi wa eTIMS kwa Kenya. Kwa mama muuza mchele sokoni au kibarua asiye na risiti, andikeni karatasi yenye jina lake, namba ya simu, kazi au bidhaa, kiasi, saini au dole gumba, na shahidi mmoja.

Masurufu ya safari yarejeshwe na risiti ndani ya siku saba. Asiyerejesha asipewe mengine, na sheria hii imshike mchungaji kama inavyomshika dereva.

Malipo ya mchungaji nayo yawe wazi kwa walio na haki ya kuyajua. Mwaka 1950, baada ya mkutano mkubwa wa Billy Graham mjini Atlanta, gazeti la Atlanta Constitution lilichapisha picha mbili bega kwa bega: moja ya Graham akitabasamu na kupunga mkono akiondoka, nyingine ya wahudumu wakiwa na magunia ya sadaka. Hakuwa ameiba kitu. Hata hivyo aliona madhara ya picha ile, akaachana na sadaka za shukrani kwa mhubiri, na akaanza kulipwa mshahara uliopangwa na shirika lake. Fanyeni hivyo hivyo: kamati, bila mchungaji kuwepo, ipange mshahara, nyumba, usafiri na matibabu, kisha iandike. Zawadi binafsi za waumini kwa mchungaji ziende kwake moja kwa moja, zikiwa zimeandikwa hivyo kwenye bahasha. Kisichoandikwa ni cha kanisa.

6. Msikimbilie faida ya haraka

Fedha ya akiba iliyolala benki huvutia washauri. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania iliisimamisha DECI, iliyokusanya fedha za wananchi, wengi wao waumini, kwa lugha ya kupanda na kuvuna mbegu. Ulikuwa upatu: fedha ya waliokuja nyuma ndiyo iliyolipa waliotangulia. Marekani, taasisi ya New Era iliahidi mashirika ya Kikristo na vyuo kuwa ingewaongezea fedha zao maradufu, nayo ikaanguka mwaka 1995. Aliyeifichua alikuwa mwalimu wa uhasibu, Albert Meyer, wa chuo kidogo cha Kikristo huko Michigan, aliyeendelea kuuliza maswali hata chuo chake kilipokuwa kimeweka fedha huko.

Kanuni ya akiba ya sadaka ni fupi: benki iliyosajiliwa, amana ya muda maalumu, au hati fungani za serikali, tena kwa azimio la bodi. Mshauri akiwaambia msimwambie mtu yeyote, mwambieni mkaguzi.

7. Ripoti ya ukurasa mmoja

Ripoti ndefu haisomwi. Bandikeni kila mwezi ukurasa mmoja kwenye ubao wa matangazo na kuusoma kwa sauti, ukionyesha kila mfuko namna hii:

Mfuko wa paa, mwezi wa Machi
Salio la mwanzo: 4,200,000
Tumepokea: 1,350,000
Tumetumia (bati, misumari, fundi): 3,900,000
Salio la mwisho: 1,650,000
Kazi iliyofanyika: upande wa mashariki umeezekwa
Kilichobaki: upande wa magharibi na mabomba ya maji ya mvua

Mstari wa kazi iliyofanyika ni wa lazima. Namba huonyesha fedha ilitoka, na mstari huo humpa mama wa bati kitu cha kwenda kukitazama kwa macho yake. Kazi ikikwama, andikeni imekwama na kwa nini. Mtu atasamehe bei ya saruji iliyopanda kuliko atakavyosamehe kufichwa.

Kwa mfadhili wa mbali ongezeni mambo matatu: kiasi kilichopokelewa kwa shilingi baada ya makato na siku kilipoingia, nakala za risiti kuu, na tarehe ya ripoti ijayo. Kama wafadhili wawili wanasaidia kazi ileile, kila mmoja ajue habari ya mwenzake. Kuomba mara mbili kwa kisima kimoja ni udanganyifu hata kama fedha yote ilikwenda kwa maskini. Picha za watoto zipigwe kwa idhini ya walezi na zilinde heshima yao. Majina na namba za simu za watoaji pia si za kugawa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022.

Mwisho wa mwaka leteni mkaguzi wa nje. Tanzania atoke kwenye orodha ya bodi ya wahasibu, NBAA; Kenya awe mwanachama wa taasisi ya wahasibu, ICPAK. Msipomudu gharama, mwombeni mhasibu wa kanisa jingine, asiye na udugu wala biashara na viongozi wenu. Barua ya mkaguzi isomwe yote mbele ya washirika, pamoja na kasoro alizoziona na hatua mtakazochukua.

8. Ikigundulika fedha imepotea

Msianze na kikao cha siri cha kumwombea aliyechukua. Siku hiyohiyo mwondoeni kwenye fedha bila kumtangaza kuwa mwizi, badilisheni watia saini, na mkusanye madaftari, stakabadhi na taarifa za benki mahali pamoja. Leteni mtu wa nje akague. Mpeni mhusika nafasi ya kujieleza kwa maandishi. Ukweli ukijulikana, waambieni washirika na wafadhili kiasi, namna ilivyotokea na mtakachobadilisha, kabla hawajausikia kwenye makundi ya WhatsApp. Palipo na jinai, pelekeni polisi. Msamaha na kurudisha fedha vinaweza kwenda pamoja, lakini aliyesamehewa harudishiwi ufunguo wa kabati.

9. Wewe unayetoa

Kutoa kwa moyo hakukuondolei haki ya kujua. Kabla ya kutoa kiasi kikubwa, uliza: Akaunti ni ya jina la nani? Bodi ni akina nani, na wangapi ni ndugu wa kiongozi? Hesabu za mwaka jana zilikaguliwa na nani? Naweza kuona ripoti ya mfuko huu? Kiongozi mwadilifu atajibu, na pengine atakushukuru. Akikasirika, umepata jibu.

Uliza kwa heshima na kwa mtu husika. Mfuate mhazini au mzee wa kanisa, useme: "Mzee shikamoo. Nilichangia mfuko wa kisima mwezi wa Februari. Naomba kuona taarifa yake ilipofikia." Usipojibiwa, andika barua kwa kamati, kisha kwa ngazi ya juu ya kanisa, na ikibidi kwa msajili. Tunza ujumbe wa muamala na stakabadhi zako. Usirushe tuhuma mitandaoni kabla hujauliza, kwa maana ukikosea utakuwa umemchafua mtu asiye na hatia. Na ukitoa kwa kusudi fulani, liandike: juu ya bahasha, au kwenye sehemu ya maelezo unapotuma kwa simu.

Mwanzo ni Jumapili hii

Msingojee semina wala programu ya kompyuta. Jumapili hii chagueni wahesabuji watatu na mchapishe fomu ya noti. Ndani ya mwezi bandikeni ripoti ya kwanza, hata kama ina mapengo, na mapengo yenyewe myataje. Ndani ya miezi mitatu hamisheni michango yote kwenye akaunti na Lipa Namba za taasisi. Kabla mwaka haujaisha mpateni mkaguzi. Wajane na vibarua wanaotoa sehemu ya chakula cha siku wana haki ya kujua ilikokwenda, na kanisa linalowaambia bila kuulizwa limewaheshimu wao pamoja na Mungu waliyemtolea.